Joho Likishakunjwa Sandukuni

Abiria atokaye Morogoro mjini kwa njia ya Iringa, akisha kulipita Bwawa la Mindu, huiona milima ya Uluguru ikimfuata upande wa kushoto, vilele vyake aghalabu vimejitanda mawingu, na kabla hajachoka kuitazama huwa amekwisha kufika Mzumbe, kilomita 20 na ushei kutoka mjini, mahali ambapo tangu mwaka 1953, ilipofunguliwa shule ya kuwafunza machifu na makarani wa serikali za wenyeji, pamekuwa pakifundishwa namna ya kutawala mambo ya watu. Shule hiyo iligeuka kuwa chuo cha uongozi wa maendeleo mwaka 1972, ambacho wazee hadi leo hukiita IDM, na mwaka 2001 kikawa Chuo Kikuu cha Mzumbe. Uuguzi haufundishwi hapa. Hufundishwa sheria, utawala, hesabu za fedha, na pamoja na hayo uongozi wa mifumo ya afya. Na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini habari za muuguzi aliyekwenda ng'ambo akarudi na shahada ya uzamivu ziandikwe chini ya milima hii, zisiandikwe Muhimbili. Sababu ninayo, ila namwomba subira, maana haielezeki kabla ya kumjua muuguzi mwenyewe.

Kwa muda mrefu ngazi ya muuguzi wa Tanzania ilikuwa fupi. Binti aliyeingia mafunzoni katika hospitali ya Dar es Salaam iliyopewa jina la Princess Margaret mwaka 1956, ambayo leo ni Muhimbili, alipanda kutoka uanafunzi hadi cheti, na kutoka cheti hadi usimamizi wa wodi, na kama alijaliwa afya na bidii alifika katika chumba cha matroni akakabidhiwa funguo. Juu ya chumba hicho hapakuwa na daraja nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza kufundishwa Muhimbili, na papo hapo likazuka swali la walimu: nani atamfundisha mwenye shahada ya kwanza ikiwa hapana mwenye ya pili, na nani atamsimamia mwenye ya pili ikiwa hapana mwenye ya tatu? Jawabu lilikuwa ng'ambo ya bahari. Uswidi ilikuwa imeanza kushirikiana na Muhimbili katika utafiti mwaka 1986. Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, kikafungua milango yake. Na baadaye wakunga wa Chuo Kikuu cha St. Luke's cha Tokyo wakaja nao kutia mkono katika kufundisha ukunga kwa shahada ya pili. Wauguzi wakafunga masanduku, wakaenda kujifunza kutembea juu ya barafu.

Mtu wa kawaida akisikia utafiti wa hospitali hufikiri darubini, damu katika vichupa na panya weupe. Hayo yapo, lakini utafiti wa muuguzi huanza pale darubini inapokoma: kwa nini mgonjwa aliyepewa dawa hakuzimeza, kwa nini mama aliyeambiwa arudi kliniki hakurudi, ni neno gani alilotamka mkunga usiku wa manane hata mzazi akaapa kwamba mimba ya pili ataizalia nyumbani. Florence Nightingale, ambaye wanafunzi wa uuguzi huapa kwa jina lake, hakushika taa peke yake katika hospitali ya Scutari wakati wa vita vya Crimea. Alishika na daftari pia, akawatenga katika hesabu waliouawa na majeraha na waliouawa na maradhi ya uchafu, na nadhani daftari hilo liliwatikisa wakubwa wa London kuliko taa, ingawa taa ndiyo iliyochorwa katika picha.

Litazame neno kubemenda. Mtoto anyonyaye akidhoofu, akiharisha, akikawia kusimama, majirani hunong'ona kwamba wazazi wake wamekutana kabla ya wakati na mtoto amebemendwa. Neno hili halimo katika vitabu vya tiba vya Ulaya, na wataalamu wetu wengi wakilisikia hulipita upesi kama mtu apitaye makaburini usiku. Columba Mbekenga, muuguzi na mkunga wa Muhimbili aliyesomea uzamivu wake kwa ushirikiano na Waswidi, hakulipita. Aliketi na akina mama na akina baba waliopata mtoto wa kwanza, na pamoja nao wazee, katika vitongoji vya watu wa kipato kidogo vya Dar es Salaam, akawaacha waseme. Na katika maandiko yake yaliyotoka mwaka 2011 na 2013 akadhihirisha jinsi hofu hiyo inavyomweka mke mbali na mumewe kwa miezi mingi, jinsi watu wanavyomfumbia macho mume anayetafuta nje, na jinsi hatari ya ukimwi inavyoweza kuingia katika nyumba ile ile iliyojinyima ili imlinde mtoto. Stadi za kuhoji, kuchambua maneno na kuyatetea mbele ya wasomi alizipata katika masomo yake. Lakini swali lenyewe hakulikuta katika maktaba ya Uswidi, na profesa wa Kiswidi, awe hodari vipi, asingeliuliza, kwa sababu hakuwa na neno lake.

Wala Mbekenga hakuanzia hewani. Kabla yake Helen Lugina, akishirikiana na Kyllike Christensson na Gunilla Lindmark, alikuwa amewauliza wazazi wa mara ya kwanza wa Dar es Salaam ni mambo gani yanayowashughulisha katika wiki sita baada ya kujifungua, kisha akawageukia wakunga akawauliza wanaionaje kazi yao katika muda huo. Maandiko hayo yalitoka kuanzia mwaka 2001, na jina la Lugina limo pia katika baadhi ya maandiko ya Mbekenga. Baadaye Eunice Pallangyo, naye akiandika pamoja na Mbekenga na wenzao wa Uswidi, akalipokea swali lile lile akalipeleka kwa wahudumu wa zahanati na vituo vya afya: mmeyasikia ya wazazi, sasa ninyi mnaweza kubadili nini? Wauguzi watatu, swali moja, na muda wa takriban miaka 15. Nimeutaja mnyororo huu kwa urefu kwa kuwa wengi hudhani kazi ya mtafiti ni mtu mmoja kung'ara, na mwenye uzamivu mpya, akiisha kudhani hivyo, hurukia malaria mwaka huu, kisukari mwaka ujao, na lishe mwaka wa tatu kwa sababu ndiko iliko fedha, hata baada ya miaka kumi akawa na makala nyingi zisizojuana.

Hapa niingize jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2013 kwamba mzazi na mtoto wake watazamwe siku ya kwanza, siku ya tatu, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika wiki ya sita. Wiki sita ni siku 42. Bibi zetu waliomweka mzazi ndani siku arobaini, wakimkanda kwa maji ya moto na kumnywesha uji, walikuwa na hesabu iliyopishana na ya shirika hilo la Geneva kwa siku mbili tu, ingawa la kumpeleka kliniki hawakulijua.

Wengine walikwenda njia nyingine. Lilian Mselle, aliyesomea Bergen, aliwasikiliza wanawake wenye fistula ya uzazi, maradhi ambayo kamusi huyaita nasuri, yampatayo mwanamke aliyekaa na uchungu mno bila msaada hata kibofu kikatoboka na mkojo ukawa unamvuja mchana na usiku. Hakuuliza tundu lina upana gani, jambo ambalo mpasuaji analijua, bali aliuliza mwanamke huyu amepoteza nini, na majibu yakamfikisha mbali na upasuaji, kwa mume aliyeondoka, kwa heshima iliyokwisha, na kwa kazi ambayo haiwezekani tena. Kutoka hapo akaenda kwenye swali lililozaliwa na la kwanza, yaani huduma ambayo wanawake hupewa wanapojifungua hospitalini, akalichapisha mwaka 2013. Sebalda Leshabari, naye wa Bergen na Muhimbili, aliwatazama wauguzi wenyewe kaskazini ya Tanzania, waliokuwa na wajibu wa kumshauri mama mwenye virusi vya ukimwi amnyonyeshe mwanawe au asimnyonyeshe, ilhali elimu yao juu ya jambo hilo ilikuwa haba na mashaka yao mengi. Na Edith Tarimo, ambaye Taasisi ya Karolinska ya Stockholm ilimtunuku uzamivu, aliwaendea askari polisi wa Dar es Salaam kuwauliza kama wangekubali kujitolea katika majaribio ya chanjo ya ukimwi. Muuguzi kumhoji polisi! Kwa kawaida maswali hutoka upande wa pili.

Sasa tumrudishe nyumbani muuguzi wa leo, tusimpe jina, tumpe asili tu: mzaliwa wa Mgeta, huko juu ambako njia ya Mlali inapanda kwa mapindi na kabichi na karoti zinashuka kwa malori alfajiri. Amekaa ughaibuni miaka minne, ametetea tasnifu yake, joho amelikunja sandukuni. Kwanza ataipeleka shahada yake kwa Tume ya Vyuo Vikuu ili itambuliwe, kazi ya karatasi isiyomshinda mtu mwenye subira. Kisha ataingia wodini na wanafunzi wake, na hapo atakutana na kadhia ya lugha. Kwa Kiswahili chetu neno daktari lina mabwana wawili: atibuye na aliyehitimu uzamivu. Mwanafunzi akimwita daktari mbele ya kitanda, mgonjwa humgeukia amwandikie dawa, mganga wa zamu hukunja uso, na wauguzi wenzake, waliomjua tangu akibeba beseni, hutabasamu kwa namna isiyo na tafsiri moja. Wapo wanaochagua kuitwa sista ndani ya wodi na daktari nje yake, na mimi sioni haya katika hilo. Mtu aitwaye sista ndiye anayeambiwa siri.

Shida yake kubwa si jina. Ni saa. Vyuo vyetu vina wanafunzi wengi na walimu wachache, na kwa kuwa mwenye uzamivu ndiye astahiliye kusimamia tasnifu za wengine, mzigo huangukia bega lililorudi na nguvu: vipindi vya asubuhi, mazoezi ya wodini mchana, kusahihisha jioni, kamati za mitaala, kamati za mitihani, na kamati ya maandalizi ya mahafali. Huko alikotoka tasnifu yake ilikuwa mkusanyo wa makala tatu au nne, na alikuwa na mezani makala ya tano, iliyokwisha nusu, ambayo aliahidi kuimaliza atakapotulia. Hatatulia. Mwaka utapita, data alizokusanya zitaanza kuzeeka, na profesa wake wa zamani ataandika barua mbili kisha atapata mwanafunzi mwingine. Kupanda kutoka uhadhiri kwenda uhadhiri mwandamizi na uprofesa hupimwa kwa machapisho, walakini ratiba ya juma hupimwa kwa vipindi, na mizani hizi mbili hazijawahi kuwekwa juu ya meza moja.

Wanaotoa ruzuku wameliona hilo. Kituo cha Fogarty, kilicho chini ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kilipoanzisha ruzuku kwa wahadhiri chipukizi wa nchi za kipato cha chini na cha kati kiliweka sharti kwamba mpokeaji atoe si chini ya miezi 9 ya mwaka kwa utafiti na kujiendeleza kitafiti, na chuo chake kikubali hivyo. Yaani walichokuwa wakikinunua hasa ni muda wa mtu. Muungano wa CARTA wa kuwafunza watafiti wa Afrika, uliozaliwa mwaka 2008 na unaoongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, nao huwapa wahitimu wake ruzuku ya kuwaanzisha upya wanaporejea vyuoni mwao, na kati ya washirika wake imo Taasisi ya Afya ya Ifakara, iliyo katika mkoa wetu huu huu wa Morogoro. Ifakara ni mfano wa subira: Rudolf Geigy wa Basel alifika huko mwaka 1949, maabara ikajengwa mwaka 1957, na kilichoendelea hadi leo kimetokana na watu waliolirudia bonde moja mwaka baada ya mwaka. Mbu wa bonde hilo la Kilombero amepata wasomi wa kumtazama maisha yao yote. Nadhani mzazi wa Mgeta naye angestahili mmoja.

Lakini akiisha kuzipata saa, aulize nini? Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mamake, mjomba ana neno, na bibi mzaa mama ana neno zaidi. Basi mzazi akishikwa na homa siku ya nne baada ya kujifungua, kijiji kiko mgongoni mwa mlima na mvua za masika zimeivunja njia, ni nani husema ashushwe hospitali: mume, mjomba au bibi? Na muuguzi wa zahanati, anapompa mume maelezo peke yake kwa sababu vitabu vyake humwita mume kichwa cha nyumba, je, amemwambia anayeamua? Mimi sijui jawabu, na sharti mtafiti naye aende bila kulijua, kwani milima hii imekwisha kuona wataalamu waliokuja na jawabu mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usichukuliwe na maji; yalikuwa maarifa ya vitabu, ya nia njema pengine, lakini upande wa Matombo matuta hayo yalifukua udongo usio na rutuba, mazao yakakonda, na mwaka 1955 watu wakainuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Kinaya ni kwamba Mgeta, kwa bibi zake muuguzi wetu, watu walikuwa wakilima mboga kwa ngazi zao wenyewe, kwa namna waliyoijua.

Njia ya kwenda kuuliza nayo ni ndefu. Huanza kwa kamati ya maadili ya chuo, na kwa utafiti wa namna fulani huendelea hadi Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Hushuka kwa barua ya mkoa, barua ya wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, hata imfikie mama mwenyewe, ambaye ridhaa yake ni ya mwisho kuombwa na ndiyo iliyo kubwa kuliko zote. Fomu ya ridhaa huandikwa kwanza kwa Kiingereza ili kamati iisome, kisha hutafsiriwa kwa Kiswahili ili mama asomewe, na mara nyingi tafsiri hiyo husikika kama barua ya baraza la ardhi. Makala ikimalizika hurudi kwenye Kiingereza, maana majarida makubwa ndiko yaliko, na hapo hukutana na ada ya kuchapisha. Wachapishaji wengi husamehe ada kwa kutazama orodha ya Benki ya Dunia, na Tanzania ilipopandishwa kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini, Julai 2020, taifa lilishangilia, na sidhani kama kuna aliyewaza kwamba siku hiyo baadhi ya wahadhiri walipandishiwa gharama ya kusikika.

Sasa niirudie sababu niliyoiahirisha. Uganda yupo Rose Clarke Nanyonga, muuguzi aliyesomea uzamivu wake Yale, Marekani, akachagua kuuchunguza uongozi wenyewe, ni nini kinachomfanya muuguzi wa Uganda aongoze au asiongoze, na akawa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Clarke cha Kampala. Huyo alishika kalamu ya mtafiti na muhuri wa mtawala kwa mkono mmoja. Wengine hawana bahati hiyo. Wao wanaandika, na muhuri uko kwa mtu mwingine: katibu wa afya wa wilaya, ofisa utumishi wa hospitali, mkuu wa idara apangaye ratiba. Aghalabu watu hao hawasomi Muhimbili. Wengi hupita hapa Mzumbe, katika kumbi zinazotazama Uluguru, wakijifunza bajeti na takwimu za huduma, na miaka michache baadaye ripoti ya mtafiti huwaangukia mezani kati ya ankara ya umeme na maombi ya likizo. Yupo atakayeifungua akaona kwamba mzazi asipotazamwa siku ya tatu kuna kitanda kitakachojaa siku ya kumi. Yupo atakayeiweka kabatini kwa taadhima kubwa.

Na mmoja wa watu hao, mkuu wa idara, kabla ya muhula kuanza, ndiye ataandika ratiba. Muuguzi wetu amekwenda kumwona, hakuomba nyongeza ya mshahara wala chumba chenye kiyoyozi. Ameomba vipindi vyake vyote viwekwe Jumatatu hadi Jumatano. Wamezungumza, wamehesabu, wamebishana kidogo juu ya kamati ya mahafali, na mkuu wa idara amevua miwani akasema ataangalia. Asubuhi ya pili karatasi imebandikwa ubaoni. Alhamisi na Ijumaa, mbele ya jina lake, miraba ni mitupu, na pembeni mtu ameandika kwa penseli: Mgeta.